Miisho Mizuri ya Tiketi

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa ameuchomoa sasa hivi mfuniko wa kalamu hii, akautia ndani ya kiatu cha baba yake, kisha akakikalia kiatu chenyewe ili mtu asije akakikagua. Nimemwomba anirudishie. Amesema, "Bado." Ndilo neno lake siku hizi. Umeshiba? Bado. Tukaoge? Bado. Ana miaka miwili na miezi miwili, na kwake yeye hakuna kitu duniani kilichokwisha.

Mheshimiwa ni binti yangu. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, eti mtoto huyu akiingia chumbani wote tunasimama, na akianza kusema hakuna mwingine anayesikika.

Daftari nalo ni la baba yake. Yeye ni fundi wa friji, na kurasa nne za mwanzo zimejaa michoro yake ya mabomba na nyaya. Leo amenikabidhi zilizobaki. Amesema mvua zimeanza, sitatoka sana, afadhali niwe na mahali pa kuzungumzia. Nimemwambia watu wa kuzungumza nao ninao, wanakuja dirishani. Lakini daftari nimelichukua.

Kazi yangu ni ya dirishani. Napiga pasi. Meza yangu imekabili dirisha na dirisha limekabili njia, kwa hiyo wateja hunipa nguo hapo nje na kuzichukua hapo hapo. Mvua zikianza kazi huongezeka, maana nguo hazikauki. Watu huzileta zikiwa mbichi, na pasi yangu ya mkaa ndiyo inakuwa jua lao. Chumba kizima kinanuka mvuke na sabuni. Mimi harufu hiyo naipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mashati kumi na moja, yote ya mtu mmoja. Kumbe kuna watu wana mashati.

Jumapili, 9 Machi

Leo Tiketi kaja na filamu.

Niandike vizuri ili nikija kusoma nikiwa mzee nielewe. Tiketi ni rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja, wasichana wawili, kabla sijaacha shule. Anachana tiketi mlangoni kwenye ukumbi wa sinema, na kila filamu anaiona mara nne, amesimama na koti lake jekundu. Mimi tangu nijifungue sijakanyaga ukumbini. Mtoto analia, kazi haziishi, leo unasema kesho. Basi kila Jumapili Tiketi anakuja na mwavuli wake wa manjano, anasimama nje ya dirisha, mimi huku napiga pasi, na ananisimulia filamu ya wiki kuanzia jina mpaka taa kuwashwa. Ananiita Pasi, mimi namwita Tiketi, na majina tuliyopewa na wazazi wetu tumeyaacha yapumzike.

Filamu ya leo ni ya mama mmoja, mkaguzi kwenye treni. Mwanawe wa kiume anasafiri naye, ana sanduku dogo la bluu na chungwa moja. Mama akiwa behewa la mbele anagombana na abiria asiye na tiketi, mtoto anashuka kituo ambacho sicho. Treni inaondoka. Kuanzia hapo mama anashuka kila kituo, anauliza, anapanda treni inayofuata. Tiketi alifanya sauti za watu wote, hata honi. Mama anafika kituo cha mwisho kabisa, mvua inanyesha, na mtoto yuko pale juu ya sanduku lake la bluu, anamenya chungwa. Anamwangalia mama yake anasema, "Umechelewa."

Nilisahau pasi juu ya kola ya mtu. Imekuwa rangi ya chai.

Alipokuwa akiondoka akaniambia, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba amechukua fomu ya kugombea ujumbe wa mtaa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Habari imeenea. Wateja wote leo walikuwa na maoni. Mjumbe wetu wa miaka tisa ni Mzee wa Vyuma, yule mwenye duka la misumari na mabati pale kona. Si mtu mbaya. Ila mtaro umeziba miaka mitano, na kila ukimuuliza anakuambia suala hilo liko mezani. Baba Mheshimiwa anasema hiyo meza lazima iwe kubwa, maana na suala la taa liko hapo hapo.

Kupiga kura kwetu ni kupanga mstari. Unasimama nyuma ya mtu wako, kila mtu anakuona. Katibu wa mtaa anapita anahesabu, na kila aliyehesabiwa anachorwa mstari wa chaki begani ili asihesabiwe mara ya pili. Kabla ya hapo kila mgombea anatambulishwa na jirani mmoja kwa maneno machache. Tiketi anataka nimtambulishe mimi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kisha nimekaa nikajiuliza nitasema nini mbele ya watu, mimi ninayezungumza na mashati.

Alhamisi, 13 Machi

Mheshimiwa amepanda juu ya stuli akahutubia ndoo. Hotuba ilikuwa ndefu.

Jumapili, 16 Machi

Maji yameingia.

Yalianza baada ya chakula cha mchana. Mtaro ulifurika ukamwaga kwenye njia, na njia ikamwaga kwetu. Nilimpandisha Mheshimiwa juu ya meza pamoja na nguo za watu, nikamwekea kofia ya baba yake kichwani ili aone ni mchezo. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa meusi, na yalileta kandambili moja ambayo si yetu. Baba yake alikuwa kazini. Jirani wa kushoto alinisaidia kuinua gunia la mkaa, lakini nusu limelowa. Bila mkaa mimi si kitu.

Mvua ilipokatika watu walitoka njiani na mafagio na ndoo, wamekasirika. Hapo Tiketi akaja, suruali kaikunja mpaka magotini. Akapanda juu ya tofali akawaambia kwamba Ijumaa alimkuta mhandisi wa halmashauri, kazungumza naye ana kwa ana, na mhandisi ameahidi mabomba mapya mapana kabla mwezi huu haujaisha. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na mikono ilikuwa na matope, nikawarushia wa mbele.

Moyo wangu ulikuwa mkubwa kama nyumba. Nilijisemea huyu ndiye niliyekaa naye dawati moja.

Jumanne, 18 Machi

Baba Mheshimiwa ameniambia ile filamu ya treni inarudiwa Jumamosi mchana kwa sababu watu wameiomba. Amesema atabaki na mtoto, niende. Nimemwambia nimeshaijua yote. Akasema kuambiwa biriani na kula biriani ni vitu viwili. Nimechagua gauni.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda na nimerudi.

Tiketi hakuwa mlangoni, alikuwa na zamu ya jioni, na mimi sikumwambia ili nimshtue kesho. Nilikaa safu ya tano. Viti vimechakaa kidogo lakini giza ni lile lile, na ile hewa baridi ya shingoni. Nilijihisi nina miaka kumi na sita.

Filamu yenyewe ni nzuri kuliko alivyosimulia. Yule mama ana uso mpana, mtulivu. Kila kituo anaposhuka anavaa kofia yake vizuri kwanza kabla ya kuuliza, na hilo Tiketi hakulisema, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Nilikuwa natangulia kila kitu. Sasa atamuuliza yule muuza magazeti. Sasa treni itachelewa. Nilikuwa na furaha kama mtu anayerudi kwao.

Akafika kituo cha mwisho. Mvua. Akatembea mpaka mwisho wa sakafu ya kituo, na hapo pana sanduku la bluu. Na maganda ya chungwa. Hakuna mtoto. Mama akakaa juu ya sanduku. Akayaokota maganda moja moja, akayaweka ndani ya kofia yake. Kisha maandishi yakaanza kupanda, na taa zikawaka.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilijua pale mwishoni kumebaki kipande. Watu walitoka wote. Akaja mama anayefagia ukumbi, akaniambia dada tumefunga. Nikamwambia, "Bado hajaja."

"Nani?"

"Mtoto."

Aliniangalia, akaegemeza fagio lake kwenye kiti. Akaniambia kwa upole kwamba huyo mtoto haji, yeye ameifagia filamu hiyo wiki mbili na hajawahi kuja hata siku moja.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli. Mheshimiwa alikuwa amelala na mfuniko wa kalamu mkononi. Nilimwangalia muda mrefu.

Jumapili, 23 Machi

Tiketi alipokuja nilimwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma.

Jumatatu, 24 Machi

Kutwa nimekuwa nikizihesabu filamu zake. Miaka miwili ya Jumapili. Yule mzee aliyesamehewa na mdogo wake. Wale mapacha waliokutana sokoni. Yule msichana aliyepona kifua. Wangapi walikutana kweli? Nilikuwa nawakumbuka kama majirani zangu, na sasa sijui nani yuko hai.

Saa kumi Tiketi akapita akitoka sokoni. Nilimuuliza bila salamu kama yule mtoto alikuwa juu ya sanduku. Aliyatazama mashati niliyoyatundika, moja baada ya jingine, kama anatafuta lake.

"Umekwenda," akasema.

"Nimekwenda."

Akaufunga mwavuli wake akautundika kwenye msumari wa dirisha, ingawa manyunyu yalikuwa bado yanashuka. Akanieleza. Nilipojifungua, Mheshimiwa alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kiatu, akawekwa ndani ya kile kisanduku cha kioo, na mimi nililala wiki mbili wodini nimegeukia ukutani. Hayo nayajua. Nisiyoyajua ni kwamba siku ya kwanza alipoanza kunisimulia filamu, ili tu nigeuke, alifika katikati ndipo akakumbuka inavyokwisha. Mtoto anakufa.

"Ningesemaje pale, Pasi? Vioo vyote vile nyuma yako. Nikambakiza hai. Ukaomba uji. Ulikuwa hujala siku mbili."

"Na zilizofuata?"

"Ukazoea. Na mimi nikazoea."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa. Nilikuwa naukumbuka ule uji. Lakini kuna swali jingine lilikuwa limenikaa kooni tangu Jumamosi, nikalitoa. Nilimuuliza mhandisi alisema nini hasa.

Akaushika mpini wa mwavuli pale kwenye msumari.

"Alisema tutaona."

"Tutaona nini?"

"Tutaona tu. Kisha akapandisha kioo cha gari."

Nilimwambia filamu alinibadilishia mimi, na mimi nimezipokea, hata sitaki azirudishe. Lakini maji yanayoingia kwa watu hayasimuliwi. Watu wamepiga makofi, na kuna jirani ameacha kuinua kitanda chake kwa matofali kwa sababu anasubiri mabomba. Nilimwambia siwezi kusimama mbele ya watu nikamtambulisha mpaka aseme jambo lilivyo.

Akasema anayesimama na kusema "tutaona" hapati mtu hata mmoja nyuma yake. Mzee wa Vyuma ana watu kwa sababu anawakopesha misumari, yeye ana mdomo tu. Akasema alidhani mimi ni wa kwanza katika mstari wake. Akaondoka, na mwavuli akauacha, akaenda hivyo hivyo na mvua.

Jumanne, 25 Machi

Hakupita.

Alhamisi, 27 Machi

Mwavuli wake umekauka, nimeukunja. Mheshimiwa ameukunjua. Nimeukunja tena.

Jumapili, 30 Machi

Jumapili ya kwanza bila Tiketi. Nimejaribu kumsimulia Mheshimiwa moja mimi mwenyewe, ya pasi iliyotoroka. Nilipofika mwisho sikujua pasi irudi nyumbani au la. Nikatambua kazi ya Tiketi si rahisi. Unamwangalia mtu usoni, ameacha kila kitu anakungojea wewe, na neno linalofuata liko mkononi mwako. Nimeirudisha pasi nyumbani.

Mwezi unaisha kesho. Bomba halijaonekana hata moja. Yule jirani ameinua kitanda.

Jumatano, 2 Aprili

Amekuja kuchukua mwavuli. Ndivyo alivyosema. Ameupokea, hakuondoka, ameuzungusha mkononi. Akauliza kama Jumapili, siku ya kura, nitasimama kumtambulisha. Nikamwambia neno langu ni lile lile. Akasema anajua. Kisha akamuuliza Mheshimiwa kama anampenda bado, na Mheshimiwa akajibu, "Bado." Tulicheka mpaka nikashika meza.

Baba Mheshimiwa anauliza kwa nini napiga pasi huku naimba.

Jumapili, 6 Aprili

Nianze mwanzo.

Tulikusanyika uwanja wa nyuma ya duka la vyuma saa tano. Mvua ilikuwa imekatika, ardhi inateleza. Mheshimiwa nilimbeba mgongoni, nimemvalisha ile kofia ya sufu ya baba yake, imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na karatasi niliyoiandika tangu juzi, nikaikunja ikalowa jasho.

Mzee wa Vyuma alitambulishwa na kinyozi. Kinyozi alisema mengi, mengi yake yalihusu miaka tisa. Mzee mwenyewe alisema anawashukuru na kwamba suala la mtaro liko mezani. Watu wakacheka, na yeye akacheka, nikaona kumbe anajua.

Ikawa zamu yangu. Karatasi sikuifungua. Nilisema huyu nilikaa naye dawati moja. Ana ulimi mtamu kupita kiasi, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Lakini nilipolazwa wodini, saa ya kuona wagonjwa hakukosa hata siku moja, kwa siku kumi na nne, na kwao hadi hospitali ni mbali na alikuja kwa miguu. Nikasema mtu asiyekosa, mimi nasimama nyuma yake. Nikaketi. Mtoto mgongoni akanivuta sikio.

Tiketi alipanda kwenye lile tofali.

"Niliwaambia mhandisi ameahidi mabomba. Hakuahidi. Alisema tutaona, akafunga dirisha. Niliongeza mimi, kwa sababu mlikuwa mmelowa na mimi nilikuwa nimelowa."

Mama mmoja muuza mboga akauliza, sasa bomba liko wapi?

"Bomba hakuna. Nipo mimi. Nitakwenda ofisini kwake kila Jumatatu mpaka achoke kuniona."

Kuna waliosonya. Watu kama kumi waliokuwa wameanza kujisogeza upande wake walijisogeza tena upande wa pili, na kuna mmoja alitema mate chini. Nilisema moyoni, Pasi, umemwangusha mwenzako.

Kisha yule muuza mboga, ambaye sikumtegemea kabisa, akatembea akaenda kusimama nyuma ya Tiketi. Akasema angalau huyu akikudanganya anarudi kukwambia. Wakamfuata wawili, wakafuata wengine.

Nilipanga mstari katikati, baba Mheshimiwa mbele yangu. Katibu alipita na chaki yake akihesabu kwa sauti. Ana miwani minene na anahesabu kwa kuimba. Alipomaliza alihesabu mara mbili kwa vidole, akatangaza. Mzee wa Vyuma sitini na mmoja. Tiketi sitini na wawili.

Kura moja. Nilipiga kelele, mimi nisiyepiga kelele. Tiketi alinikumbatia na mtoto mgongoni, akaninong'oneza, "Nimeshinda kwa mwisho wa kweli."

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi nilikuwa nakusanya nguo za kufua. Kwenye bega la gauni langu pana mstari wa chaki. Kwenye bega la shati la baba Mheshimiwa pana mstari. Na kwenye kofia ya sufu pana mstari.

Nimekaa juu ya beseni.

Nimekumbuka. Katibu aliponigusa alisema arobaini na tatu, kisha nikasikia arobaini na nne karibu mno, na Mheshimiwa mgongoni akasema, "Bado." Nilidhani anamjibu tu, kama anavyowajibu wote. Kumbe alikuwa akihesabiwa. Miwani ile iliona kofia ya mtu mzima.

Kofia nimeitia chini ya kapu. Wateja kutwa nzima wananipongeza.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeitoa kofia mara mbili nikaishika juu ya maji. Sabuni kidogo tu, chaki haina ubishi. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi. Mtaro unamhitaji Tiketi. Mzee wa Vyuma amechoka, hata yeye anajua. Na nikifikiria uso wa Tiketi alivyoninong'oneza, mkono unashuka wenyewe kuelekea kwenye beseni.

Wiki mbili zilizopita nilimhukumu mtu kwa jambo hili hili. Nilidhani anayebadilisha mwisho anafanya hivyo kwa ulimi mwepesi. Sikujua kwamba kwanza unampenda yule utakayemwambia.

Saa kumi Tiketi alipita, kavaa blauzi mpya, ananiambia Jumatatu ijayo anaanza kwa mhandisi. Niliiweka kofia kwenye ukingo wa dirisha, ule mstari juu. Tiketi si mjinga. Aliitazama kofia, akamtazama Mheshimiwa, akanitazama bega.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Ingefuliwa ingekwisha."

"Ndiyo."

"Mbona hukuifua?"

Nikamwambia nimejaribu mara mbili. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, akaniambia basi na mimi nimeonja. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango wangu na blauzi yake mpya, akaweka kofia magotini, na tukakaa hivyo mpaka mkaa ukapoa. Alipoinuka nilimwambia nitakwenda naye. Akasema hapana, hii ni ya kwenda mwenyewe. Nilimtazama mpaka alipopinda kona kuelekea kwa Katibu, kofia ya sufu mkononi kama mtu anayepeleka ndege aliyeumia.

Jumatano, 9 Aprili

Sitini na moja kwa sitini na moja. Kura inarudiwa Jumapili. Katibu amepitisha sheria kwamba watoto wote watakaa ng'ambo ya mtaro. Amekuja kuniomba radhi, na alipokuwa akiondoka alimwomba radhi na Mheshimiwa, ambaye hakuipokea.

Kuna wanaosema Tiketi hana akili. Mashati matano yamechukuliwa dirishani leo na watu wanaosema hivyo. Mawili yamechukuliwa na watu ambao walisimama tu kidogo, wakaniuliza kama ni kweli alikwenda mwenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa tangu asubuhi na mtaro ukaanza kupanda. Tiketi alitoka na jembe peke yake, akaingia mtaroni. Nilimkabidhi jirani Mheshimiwa, nikaingia na mimi. Baada ya muda tukasikia kishindo nyuma yetu. Mzee wa Vyuma alikuwa amemwaga sepeto kumi na mbili za dukani kwake, mpya, bado zina karatasi. Hakutoa hotuba. Alikunja suruali akashuka. Miguu yake ni myembamba sana, sikuwahi kuiona. Tuliotoka mstari huu na waliotoka mstari ule tulichimba mpaka alasiri, tukatoa magunia, matawi, na kandambili ya pili, pacha wa ile iliyokuja kwetu. Maji yakapita. Yalipita kwa sauti, kama watu wanaotoka sinema.

Tiketi na Mzee walisimama pale wanayaangalia. Alimwambia, "Mzee, suala limeshuka mezani." Akamjibu, "Mwanangu, nyamaza uchimbe."

Sasa sijui kama nataka yeyote ashindwe. Lakini nyuma ya nani nitasimama, hilo najua.

Jumamosi, 12 Aprili

Kaja na filamu leo badala ya kesho. Ya mwalimu wa muziki na mkewe waliopotezana kwa miaka. Alisimulia vizuri, na sauti zote. Alipofika karibu na mwisho akanyamaza, akauliza, "Nikwambie ulivyo, au nikwambie wangu?"

Nimefikiria huku nikiipitisha pasi kwenye mkono wa shati, kwenda na kurudi.

"Kwanza ulivyo," nikamwambia. "Halafu wako."

Akanipa yote miwili. Wa kwanza ulikuwa wa huzuni, nikalia kidogo, na shati halikuungua. Wa pili ulikuwa na ngoma.

Jumapili, 13 Aprili

Kumekauka. Jua limetoka, la kwanza wiki hii, na mtaro unanung'unika polepole huko nje. Mheshimiwa amekwishapelekwa ng'ambo kwa jirani na amelipinga jambo hilo kwa nguvu zake zote. Mfuniko wa kalamu kaenda nao.

Gauni limenyooka. Nimebakisha shati la baba yake. Kutokea hapa dirishani naona mpaka uwanjani. Watu ni wengi kuliko Jumapili iliyopita, wengine sijawahi kuwaona wakija. Yule aliyetema mate chini amekuja, amesimama katikati, hajaamua. Tiketi yuko juu ya tofali lake na mwavuli wa manjano, ingawa mvua hakuna. Nahesabu vichwa. Mstari wa Mzee una sitini na saba. Wa Tiketi una sitini na sita, na yule wa kutema mate sasa ameanza kutembea. Ananiita, Tiketi, anapunga mwavuli, anasema Pasi acha hilo daftari, Katibu ameshatoa chaki. Basi ukitujumlisha mimi na baba Mheshimiwa, na huyu akigeukia kulia, kwa Tiketi, itakuwa sitini na